Kitenzi gani kitumike katika usemi wa taarifa wa Kiingereza?

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba kubadili nyakati hakukusumbui. Kinachokukwamisha ni sentensi kama "He said me that he was ill" na "She suggested me to rest", ambazo mwalimu wako huzikata kila mara. Kosa limo katika muundo unaofuata kitenzi, wala si katika maana yake. "Tell" hudai atajwe anayeambiwa, ilhali "say" haimpokei moja kwa moja, hivyo andika "He told me that he was ill" au "He said that he was ill". Vivyo hivyo, "She advised me to rest" ni sahihi, lakini "suggest" hukataa muundo huo na kutaka "She suggested that I rest" au "She suggested resting". Nakushauri ukariri kila kitenzi ndani ya sentensi nzima, njia ambayo naiona ina faida kubwa kuliko orodha ndefu za maneno.

Jihadhari sana na "admit" na "claim": cha kwanza humwonyesha msemaji akikiri jambo, cha pili hutilia shaka maneno yake, na katika ripoti ya kazini tofauti hiyo inaweza kumuumiza mtu asiye na hatia. Andiko la namna hiyo mpe mhariri alipitie kabla hujalituma.