Nunua robo ya unga, ukipime kikombe chako

Keki yangu ya kwanza ya kulipwa niliiharibu kwa jagi. Jirani wa hapa Nyegezi, Mwanza, alitaka keki ya kipaimara cha mwanawe, na resipi niliyoipata iliandikwa kwa gramu: unga wa ngano 250, sukari 250, siagi 250, mayai manne. Mizani sikuwa nayo. Nilikuwa na jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, nikajaza unga hadi 250, sukari hadi 250, nikaona kazi imekwisha. Keki ikaumuka vizuri, kisha ikatitia katikati, mafuta yakachuruzika pembeni. Pesa ya watu nikairudisha.

Mililita ni nafasi, gramu ni uzito. Kwenye maji vinalingana: chupa ya nusu lita ina gramu 500 za maji. Unga una hewa katikati ya chembe zake, kwa hiyo zile mililita 250 zilikuwa kama gramu 130 tu, nusu ya uliotakiwa. Sukari ni nzito zaidi, ilifika kama gramu 210. Siagi pekee ndiyo ilikuwa sawa, kwa sababu niliitoa kwenye pakiti ya gramu 250.

Mizani ya jikoni sijanunua mpaka leo. Natumia ya mangi, mwenye duka la mtaani.

"Shikamoo mama. Leo robo tu?"

"Marahaba. Robo ya unga na robo ya sukari, ufunge mbalimbali. Nakwenda kupima kikombe."

Alicheka, lakini alipima. Robo ni gramu 250. Nyumbani nilichekecha unga, nikautia kikombeni kwa kijiko bila kushindilia, nikakata juu kwa mgongo wa kisu. Ukajaa vikombe viwili, maana yake kikombe changu cha bluu kinabeba gramu 125 za unga. Sukari ilijaa kikombe kimoja na robo, yaani gramu 200 kwa kikombe. Mchele nilifungua pakiti ya kilo nikahesabu: vikombe vitano na kitu. Namba zote nimeziandika kwa makapeni ndani ya mlango wa kabati.

Ila kikombe kilekile mikononi mwa mtu mwingine ni kipimo kingine. Dada yangu hukizamisha kwenye mfuko wa unga, akakibana ukutani mwa mfuko, akakitoa kimejaa kama tofali. Tukapima: gramu 150. Kwenye vikombe vinne vya maandazi hapo ameshazidisha gramu 100, halafu analalamika kwamba unga wa siku hizi unakunywa maji sana! Masika nayo, huku karibu na ziwa, unga uliokaa wazi hupata unyevu na kushikana mabonge. Chekecha kwanza, ndipo upime.

Resipi za Marekani zikisema kikombe, ni mililita 240 hivi. Za Australia ni 250. Kikombe cha chai cha kwako kinaweza kuwa 200 au 300, kwa hiyo kipime kwa maji ya chupa kabla hujakiamini. Hamira na chumvi pima kwa kijiko cha chai, mililita 5: hamira kama gramu 3, chumvi laini kama gramu 6. Mizani ya dukani haioni vitu vidogo hivyo.

Kinachonisumbua bado ni dagaa. Ukiwanunua kwa sado, lile kopo la kupimia, pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, nafasi kubwa ndani ya sado ni upepo kati ya dagaa na dagaa. Ukiwasaga kwa ajili ya uji wa watoto, wanashuka mpaka unajiuliza nani ameiba. Kwa hiyo vijiko vya uji nahesabu baada ya kusaga.

Kikombe cha bluu hakitoki jikoni. Mgeni akiomba maji, apewe glasi.