Kabla Hujashusha IST Yako, Funga Stabilaiza ya Nyuma

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Majengo, Moshi. Ulitanguliwa na picha: Toyota IST nyeupe imelala chini, matairi ya mbele yamemezwa na fenda. Chini ya picha kaandika, "Shikamoo kaka. Niliiona yako Kiboriloni nikasema na mimi lazima. Fundi kakata springi zote nne, lakini kila tuta linagonga na kwenye kona gari bado linalala vilevile. Ninunue springi kama zako?"

Marahaba mdogo wangu. Hapana, usinunue springi. Tafuta zile za mwanzo uzirudishe, kagua shokapu, kisha hela uliyonayo weka kwenye stabilaiza ya nyuma, kile chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Endesha hivyo msimu mzima. Ukiona bado roho inataka gari la chini, hapo ndipo tuzungumzie springi.

Najua si jibu ulilolitaka. Hakuna mtu anayenitumia picha ya stabilaiza. Iko chini ya gari, haionekani, na huwezi kuipigia picha mbele ya kiplefti ya YMCA. Wote mnanitumia picha ya pengo kati ya tairi na fenda. Siwalaumu, maana naungama kwamba nilipolinunua gari langu hilo pengo ndilo lililoninyima usingizi. IST ya kizazi cha kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, kutoka kiwandani inasimama kama mwanafunzi aliyeikulia suruali yake ya shule. Kila nikiegesha nilikuwa nageuka kuiangalia, na kila nikigeuka naumia.

Na mimi naishi Arusha. Huu ni mji ambao mafundi wake wanachukua Land Cruiser, wanaikata katikati, wanarefusha chasisi na kuiwekea paa la kufunguka ili mtalii asimame aone simba. Kuinua gari ndiyo kazi wanayoijua usingizini. Hata wenye IST wengi wanaweka spesa juu ya shokapu ili masika yakija wapite Moshono na Kwa Mrombo bila kuburuza bampa. Niliposema kwenye gereji moja kwamba nataka kushusha, fundi aliwaita wenzake waje wasikie. "Meku, wenzako wanalipa ili wapande, wewe unalipa ili ushuke?" Walicheka mpaka muuza kahawa akasogea kujua kuna nini. Shemeji yangu, mwenye Noah na ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake, alisema mbele ya mama watoto kwamba nina utoto. Mafundi nimewasamehe. Hilo la shemeji bado ninalo.

Kwa nini basi nilianza na stabilaiza? Barabara ya nyumbani ndiyo iliyoamua. Kwetu ni Rombo. Ukitoka Arusha mpaka Moshi barabara imenyooka kiasi, matuta na tochi za trafiki ndivyo vinavyokupangia mwendo. Ukiiacha Himo unaanza kupanda, na kuanzia Marangu Mtoni kwenda Mwika ni kona juu ya kona, migomba pande zote. IST ina kimo kirefu kwa upana wake. Ukiingia kona ya kushoto mwili wote unamwagika kulia, tairi la mbele la nje linabebeshwa mzigo wa wenzake, na kwa kuwa gari linavutwa na matairi hayohayo ya mbele, pua inakwenda nje ya pale ulipoielekeza. Unaongeza usukani, haiitikii. Abiria wa nyuma wanaanza kuomba Mungu kwa Kichaga.

Stabilaiza ni chuma kirefu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kinazunguka tu ndani ya bushi zake na hakifanyi kitu. Likipanda moja, chuma kinajinyonga na kupinga, na huko kupinga ndiko kunakozuia gari kulala. Ugumu wake unafuata kipeo cha nne cha kipenyo: ukiongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 46. Ndiyo maana ukisikia mtu anabishana kuhusu milimita mbili za unene usimcheke. IST yako tayari ina stabilaiza mbele. Nyuma, kwa zile zisizo 4WD (yaani zisizovutwa na matairi yote manne), kuna ekseli moja inayojinyonga yenyewe kidogo. Ukiifungia chuma cha ziada, sehemu kubwa zaidi ya kupinga kulala inahamia nyuma, tairi la mbele la nje linapumua, na pua inakwenda unakoiambia. Gari halijashuka hata milimita moja, lakini kwenye kona utadhani ni jingine.

Kupata vifaa ndipo wengi mnapokwama, na mnakwama kwa kutafuta jina lisilo sahihi. Nilizunguka maduka ya spea mpaka nikamtuma mtu Ilala, Dar, kote wakanipa springi za kawaida zilizotumika. Kumbe gari hilihili Wamarekani waliuziwa kuanzia 2003 hadi 2006 kwa jina la Scion xA, na vijana wa kule wanapenda kuchezea magari, hivyo kila kitu kilitengenezwa kwa ajili yao. TRD, watu wa Toyota wenyewe, waliuza springi za kushusha za xA. xA ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, kwa hiyo ndugu yake wa karibu ni IST yenye kodi ya NCP61 kwenye kibati. Kama yako ni NCP65 ya 4WD, ekseli ya nyuma ni nyingine, usiagize. Soma kibati cha gari lako kabla hujatuma hela ya mtu.

Kuifunga hiyo stabilaiza sina hadithi nayo. Ile yangu inakaa chini ya ekseli na inashikwa kwa bolti pale springi zinapokalia. Ukiwa na jeki, stendi imara na mchana mmoja unamaliza. Jumamosi iliyofuata tulipanda Rombo. Tulipofika Mwika mama watoto, ambaye habari za magari hazimhusu, aliniuliza mbona leo hajashika kile kishikio cha juu ya mlango. Sikumjibu. Niliongeza sauti ya redio.

Springi zilikuja baadaye sana, na hizo ndizo zilizonigombanisha na watu. Zangu zinashusha takriban milimita 30 na ni ngumu kuliko za awali. Lazima ziwe ngumu, kwa sababu umepunguza nafasi ya shokapu kusafiri. Springi fupi laini itagotea kila tuta. Nyuma ni kazi nyepesi: unafungua shokapu chini, unashusha ekseli taratibu huku ukiangalia mpira wa breki usivutike, springi inatoka yenyewe. Kimbembe ni mbele, ambako springi imebanwa juu ya shokapu. Fundi niliyempa kazi alitoa waya wa kufungia nondo. Nikamuuliza wa nini. Akasema wa kubania springi. Gari lina uzito wa kama tani moja na zaidi ya nusu ya huo uko mbele, maana yake kila springi ya mbele inabeba zaidi ya kilo 200. Ukilegeza nati ya juu springi ikiwa haijabanwa sawasawa, au waya ukikatika, nguvu yote hiyo inatafuta pa kutokea, na karibu yake kuna kidevu chako. Nikasimamisha kazi. Akanuna, akasema amefungua springi tangu mimi niko shule ya msingi. Huenda ni kweli. Nilinunua kompresa ya springi, nikarudi nayo siku nyingine, na nikasimama palepale mpaka ya mwisho ikaingia.

Tukagombana tena kwenye bushi. Za mkono wa chini na za ekseli ni raba iliyogandishwa kwenye chuma. Gari likipanda na kushuka raba inajinyonga, kisha inarudi pale ilipokuwa siku ilipokazwa. Ukishusha gari na kuziacha zilivyo, zinakaa zimenyongwa saa zote na zitachanika mapema. Inabidi bolti zake zilegezwe, kisha zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwenye kimo kipya. Tulihitaji shimo la gereji kwa hilo. Fundi akasema hayo ni mambo ya vitabuni. Nikamwambia ndiyo, na vitabu viliandikwa na waliolitengeneza. Hata nati za matairi nilizikaza mwenyewe kwa torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103, baada ya kumwona kijana wake akirukaruka juu ya spana.

Sasa gari linavutia, sikatai. Wale waliocheka wamekuja mmoja mmoja kuchungulia chini, na mmoja kaniletea mteja. Lakini nikikuambia kwamba springi ndizo zilizolifanya lishike kona nitakuwa nakudanganya. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na chuma kile cha nyuma. Springi zimeongeza kidogo, kisha zikadai malipo kila siku.

Malipo ya kwanza ni matuta. Mwenye gari la chini amezoea kuvuka kwa mshazari ili asikwaruze tumbo. Ukiwa na stabilaiza nene nyuma, kuvuka kwa mshazari ndiko kunakoiamsha, gari linayumba upande kwa upande na gurudumu la nyuma linaweza kuning'inia hewani. Mimi navuka nimenyoosha, polepole kuliko bajaji, na wanaonipigia honi wananizoea. Malipo ya pili ni Desemba, tunapopanda Rombo kwenda kuhesabiwa na ukoo. Watu wazima watano, mabegi, zawadi za bibi, na wakati wa kurudi mikungu ya ndizi ambayo huwezi kuikataa bila kuvunja undugu. Kwa mzigo huo springi fupi zinagotea. Mwaka jana ndizi zilirudi Arusha kwa basi, na bibi hajui.

Malipo ya tatu yanaweza kukuua. Stabilaiza ya nyuma inauondoa mshiko nyuma na kuupeleka mbele. Pakavu ni raha. Masika, kwenye lami iliyomwagikiwa tope la shambani, ukiingia kona kwa kasi na kuachia mafuta ghafla katikati, mkia unakuja kukutazama. Kwa hiyo matairi yenye kashata nzuri yakae nyuma, hata kama muuza matairi atakuambia yaweke mbele. Na uchukue kona kwa mguu uliotulia.

Vijana wangu, mnanikasirikia nikisema hivi, lakini acheni kukata springi. Grainda haijui kitu. Ni kweli springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, ndiyo maana unadhani imekuwa ya michezo, ila ncha yake haikai tena kwenye kikalio, na gurudumu likining'inia springi inaweza kucheza na kutoka mahali pake. Wanaozichoma kwa gesi ndio wabaya zaidi; moto unaua ugumu wa chuma. Unasema huna hela ya springi za maana? Basi huna hela ya kushusha gari, kaa juu, hakuna anayekufukuza. Hela ya grainda, ya kuziba tumbo lililopasuka na ya matairi yaliyoliwa upande wa ndani ingekununulia stabilaiza, ukashika kona kuliko hao unaowaiga. Pale mjini kibao kinasema 50, na tochi ipo. Unashusha ili umkimbie nani? Gari linaloshika barabara ni la kukurudisha nyumbani, nyie mmelifanya kuwa la kupigiwa picha. Anzeni na stabilaiza. Nimeshasema, narudia.

Na wewe mdogo wangu wa Majengo, wakati wa kurudisha springi za mwanzo, badilisha pia linki za stabilaiza ya mbele. Zile za zamani nati inazunguka na bolti yake, utaishia kuzikata, kwa hiyo nunua mpya kabla hujafungua. Weka maunti na beringi mpya juu ya shokapu ukiwa umeshazifungua, maana kufungua tena kwa ajili ya beringi ni kulipa mara mbili. Endesha siku chache springi zikae, kisha nenda alaimenti. Upande wa mbele ndio utakaorekebishwa. Nyuma ekseli haina marekebisho.

Na kabla hujalipia chochote, kandamiza kona moja ya bonneti kwa uzito wako wote na uachie. Likipanda na kutulia, shokapu bado zinafanya kazi. Likiendelea kudunda, hela ya stabilaiza isubiri, nunua shokapu mbili za mbele kwanza.