Pikapu iliyoweza kuzimika

Msomaji mmoja wa Masasi, mwenye pikapu ya zamani ya kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli), ameniletea swali. Naliweka hapa lilivyo:

"Shikamoo mwalimu. Pikapu yangu iliweza kuzimika mara tatu nikipandisha Newala na magunia ya korosho. Nilipoifikisha gereji, fundi aliweza kuniambia kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli umekonda. Kijana wangu anayejifunza ufundi Mtwara anasema si kukonda, ni mchanganyiko mwepesi. Naomba kuweza kufahamishwa lipi ni Kiswahili sahihi."

Marahaba. Swali ni zuri na jibu lake ni fupi, utalikuta huko chini. Kwanza nina neno na wewe kuhusu hiyo pikapu iliyoweza kuzimika.

Baada ya salamu umeandika sentensi nne, na tatu kati yake zina "weza". Kuweza ni kuwa na nguvu, nafasi au ruhusa ya kutenda jambo. Ukisema mtu "aliweza", msikilizaji anaelewa kwamba palikuwa na kizuizi, mtu akajitahidi, akakishinda. Mtoto ameweza kusimama. Mgonjwa ameweza kunywa uji. Sasa niambie, ndugu yangu, pikapu yako ilianza lini kujitahidi kuzimika? Naiona inatoka Masasi alfajiri, magunia mgongoni na nia moja moyoni: leo sharti nizimike. Kona ya kwanza imejaribu, dereva akaiwahi kwa resi. Kona ya pili ikakaza msuli, wapi! Ya tatu, alhamdulillahi, ikaweza. Ilistahili vigelegele. Wewe badala ya kushuka ukaipa mkono wa pongezi, ukaenda kutafuta jiwe la kuzuia tairi.

Maana nasikia ilizimika mara tatu, basi ni bingwa kabisa.

Si wewe peke yako. Taarifa za habari kila siku zina watu "walioweza kujeruhiwa" na nyumba "zilizoweza kuezuliwa na upepo". Mwaka jana nilikuwa msibani Mikindani, msemaji akashika kipaza sauti akasema marehemu "aliweza kuugua kwa muda mfupi na hatimaye kuweza kufariki". Nikamtazama mjane. Aliinamisha kichwa, na sijui kama ni kwa majonzi au kwa aibu ya kuambiwa mumewe kafaulu. Mtangazaji mmoja tu nimemsamehe, wa mpira, aliyesema mshambuliaji "ameweza kukosa bao". Goli lilikuwa wazi, kipa yuko chini, mpira uko hatua mbili kutoka mstarini. Kukosa pale kunahitaji uwezo.

Nadhani najua ugonjwa unakotoka. Kitenzi kitupu siku hizi kinaonekana kama mtu aliyekuja kikaoni na fulana. "Ilizimika": mbona fupi hivyo, mbona haina heshima? Basi kinavishwa koti la "weza", sentensi inarefuka, na msemaji anapata nafasi ya kuvuta pumzi akitafuta neno linalofuata. Koti lenyewe halipashi joto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba "weza" ni neno letu la asili, halikushuka na jahazi lolote, na pwani hii limefanya kazi nzuri tangu enzi za mabibi. Bibi yangu akisema "mzee hawezi leo siku ya tatu", hakuna aliyeuliza hawezi nini. Hawezi ni mgonjwa. Asiyejiweza ni wa kusaidiwa. Na ungeniandikia kwamba pikapu yako haiwezi mlima, ningekuvulia kofia, kwa sababu hapo neno liko kazini na jasho linalitoka. Una neno linalobeba magunia, wewe unalipandisha gari kama abiria asiyelipa nauli.

Nikikumbuka haya humkumbuka fundi mmoja wa Lindi, mtu mzima, gereji yake ni mwembe na benchi. Nilimpelekea gari la jamaa yangu, nalo la kabureta, likiwa na dalili ambazo nahisi ndizo zako: ukikanyaga mafuta linasita kwanza, halafu linapiga chafya kwenye kabureta, na mlimani halivuti. Hakuuliza maswali mengi. Alifungua plagi moja akanionyesha ncha yake. Ilikuwa nyeupe kama imepakwa chokaa, na ingekuwa nyeusi ya masizi, alisema, kesi ingekuwa nyingine. Akairudisha, akawasha, akavuta choki kidogo, ile inayobana hewa. Gari lililokuwa linatetemeka likatulia. Akaiachia choki, likaanza tena.

"Hewa nyingi," akasema.

Kisha akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza kidogo kidogo pale menifodi, bomba linalopeleka mchanganyiko ndani, inapokutana na injini, na kwenye mipira inayotoka pale. (Usijaribu hivyo ukiwa na sigara, wala injini ikiwa ya moto sana.) Alipofika upande mmoja wa gasketi inayoziba maungio hayo, sailensa ikabadilika ghafla. Sailensa, kwa mafundi wetu, si lile pipa la kwenye bomba la moshi. Ni ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Neno limehama nyumba, nami nimeshalizoea huko liliko.

"Inaingia hapa, kwa mlango wa uani."

Kazi nzima hakutamka "weza" hata mara moja, na nilielewa kila kitu.

Haya, swali lako. Petroli ili iungue vizuri inahitaji kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 yake. Hewa ikizidi kipimo hicho sana, au petroli ikipungua, moto unakuwa dhaifu, injini inasita na inaweza kupata joto kupita kiasi. (Hiyo "inaweza" ni halali, usinikamate.) Hali hiyo fundi wako kaiita kukonda. Namwelewa, lakini hukonda mwenye mwili aliyekuwa na nyama zikapungua: ng'ombe wa kiangazi, mtu aliyetoka kuugua. Tena ukisema "umekonda" stendi ya Masasi, nusu ya watu watageuka kumtafuta konda wa basi. Kijana wako yuko sahihi, na hakulitoa neno mbali. Kalitoa jikoni. Uji wenye unga kidogo na maji mengi ni mwepesi, wenye unga mwingi ni mzito. Mchanganyiko wa kabureta nao hivyo hivyo: petroli kidogo ni mwepesi, petroli nyingi ni mzito. Mama yeyote wa Masasi atakuelewa, hata kama hajawahi kufungua boneti.

Nami ningeridhika pia na "hewa imezidi", kwa sababu ndiyo inayokuambia pa kutazama. Ila usikubali "inakula hewa" peke yake. Kila injini inakula hewa, hata iliyo nzima, na ukimwambia hivyo fundi mvivu atakufungulia kisafisha hewa, akipulize vumbi, akutoze.

Kwa kuwa yako huzimika mlimani ikiwa na mzigo, mwambie fundi asiishie kwenye gasketi na mipira. Huko ndiko injini inakodai petroli nyingi, kwa hiyo atazame pia filta ya petroli, pampu, na vitundu vya jeti vinavyopitisha petroli ndani ya kabureta. Petroli iliyokaa kwenye madumu huja na uchafu, na kitundu cha jeti ni kidogo kuliko unavyodhani.

Nikiri jambo moja kabla sijakuacha. Wiki iliyopita nilichelewa kikao, nikasimama mbele ya watu wazima wenzangu nikasema: "Samahani, niliweza kuchelewa." Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeona.

Ukishatengeneza, pandisha tena Newala, halafu niandikie. Neno moja linatosha: "Imepanda."