Makala ni ya zamani, lakini ina mwenyewe

Mimi ni mpenzi wa magazeti ya zamani, na mengine huyachapa upya na kuyaweka mtandaoni. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Gazeti lenyewe lilishakufa, ruhusa ya nini tena?"

Gazeti kufa si hoja. Hakimiliki hurithiwa kama shamba. Chini ya Mkataba wa Berne, unaofuatwa na nchi nyingi sana duniani, haki hudumu maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Umoja wa Ulaya unakwenda hadi 70. Kwa hiyo makala ya 1960, ikiwa mwandishi alifariki 1995, bado ina mwenyewe hadi mwisho wa 2045 hata pale penye muda mfupi wa miaka 50. Marekani wana hesabu yao: kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru.

Halafu kuna "matumizi ya haki" (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila kumwomba pale sheria inapokubali, maneno ambayo watu huyatamka kama kinga ya uchawi. Sheria ya Marekani ya 1976, kifungu cha 107, inataka mambo manne yapimwe kwa pamoja: umeitumia kazi kwa lengo gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na soko la mwenyewe limeumia vipi. Hakuna idadi ya maneno inayoruhusiwa. Jarida la The Nation lilichukua maneno kama 300 tu kutoka kwenye mswada wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford, kitabu kizima, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba wamekosea. Walichukua kiini chenyewe, na kitabu kilikuwa hakijatoka. Nchi nyingine zina sheria finyu zaidi, basi usibebe kanuni ya Marekani ukadhani inakulinda popote ulipo.

Na yale maandishi ya "sina nia ya kuvunja hakimiliki" chini ya picha ya ukurasa mzima? Hayasaidii kitu. Kutaja jina la mwandishi ni adabu nzuri, ila adabu haigeuki ruhusa.

Mimi hufanya hivi. Habari yenyewe, yaani nani alifanya nini na lini, haina hakimiliki, kwa hiyo naisimulia kwa maneno yangu. Nanukuu sentensi chache ninazotaka kuzijadili, kisha naweka linki ya hifadhi yenye makala kamili. Nikitaka kuiweka yote, naomba. Barua yangu ni fupi: kichwa cha makala, tarehe, nitaiweka wapi, silipwi, na nitaiondoa wakitaka. Usiishie kwa mchapishaji tu, maana mwandishi wa kujitegemea huenda hakuwahi kuuza haki za mtandaoni. Binti wa mwandishi mmoja alinikubalia kwa sharti moja: nirudishe aya ambayo mhariri wa enzi hizo aliikata. Alikuwa nayo nyumbani, imepigwa taipu, na mstari wa kalamu nyekundu juu yake.

Wengine hawajibu kabisa. Hapo siihesabu kimya kuwa ndiyo. Nabaki na nukuu yangu na linki.