Taa zimejipanga juu ya ziwa, ni nini?

SWALI: Mhariri habari yako, mimi ni mvuvi wa omena hapa Dunga, Kisumu, juzi usiku tukiwa ziwani na taa zetu tuliona zingine juu kama ishirini hivi, zimejipanga mstari zinapita kimya kimya, kijana wangu akaacha kamba ya nyavu akaanza kuomba. Kuna jeshi lolote lishawahi kuchunguza hizi vitu ama ni usingizi tu?

JIBU: Pole ndugu yangu, usingizi hauhusiki. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na mradi wa kuchunguza vitu visivyojulikana angani, uitwao Blue Book, ulianza 1952 ukafungwa 1969, wakakusanya ripoti 12,618 na nyingi zikaonekana ni nyota, maputo, ndege za kawaida tu, lakini 701 zikabaki bila jibu. Sasa hapo ndipo watu huruka na kusema ni wageni wa sayari zingine, kumbe mara nyingi ni taarifa haitoshi, mtu anasema niliona taa, saa hakumbuki, upande hajui, utachunguza nini? 2022 Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ikafungua ofisi nyingine iitwayo AARO, kazi ni ile ile.

Zako mimi naona ni setilaiti za Starlink, zile za intaneti, hurushwa nyingi kwa mpigo na siku za kwanza zinatembea kwa foleni, jua likishazama huku kwetu kule juu bado linazimulika. Ukiziona tena angalia saa na zinaelekea wapi, Homa Bay ama Kisumu mjini, halafu uniandikie. Na huyo kijana aombe akiwa ameshika kamba, omena watatoroka.