Kibali cha kumwaga majitaka Msimbazi

Ndugu, umeuliza kama leseni ya biashara ya manispaa inamruhusu mwenye kiwanda kumwaga majitaka Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Hapana, haimruhusu. Kibali anakiomba Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na hata akikipata ni lazima ayatibu maji kwanza mpaka yafikie viwango. Nimewahi kuandaa maombi hayo kiwandani, ndiyo maana najua. Akiunganisha kwenye bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, ni habari nyingine, anaomba kwao.

Hayo maji ya bluu yenye povu uliyosema umeyaona mtoni, piga picha mdomo wa bomba uripoti: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamruhusu mkaguzi wa mazingira kuingia kiwandani na kuchukua sampuli. Inauma sana, huko chini watu wanamwagilia mchicha kwa maji hayohayo.