Mbona kivinjari cha faragha kinakokota?

Nimeweka Tor Browser kwenye simu. Ukurasa wa gazeti unazunguka wee, na bando lipo. Simu yangu mbovu? Msomaji, Ngamiani

Simu haina kosa, ndugu yangu. Tor hairuhusu ombi lako liende moja kwa moja. Hulifunga kwa tabaka tatu za usimbaji fiche, yaani huligeuza fumbo lisisomeke njiani, likapitishwa kwenye kompyuta tatu za watu wanaojitolea, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani. Ya kwanza inakujua wewe, haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako, haikujui wewe. Ya katikati ndiyo inayozitenganisha.

Kwa hiyo gazeti la Dar es Salaam unalolisoma ukiwa Ngamiani huenda limepita chini ya bahari hadi Ujerumani na Uholanzi kabla ya kukufikia. Ni kama kutoka Tanga kwenda Pangani kwa kuzungukia Moshi. Tena njia hiyo mnagawana watu wengi, ndiyo maana hata ukinunua bando kubwa mwendo haubadiliki.

Gazeti lisome kwa kivinjari cha kawaida. Tor itunze kwa jambo ambalo likijulikana litakuumiza: maradhi, kesi, taarifa ya rushwa. Mwanamke anayepigwa nyumbani, anayetafuta pa kukimbilia, kwake ule ulinzi una thamani kuliko dakika anazongoja.

Mwanangu kaniwekea kivinjari cha Brave, naona inafungua haraka kuliko ile ya zamani. Inanilinda kweli? Mama muuza vitenge, Barabara ya 8

Shikamoo mama. Inakulinda, na wepesi wake unatokana na ulinzi huohuo. Brave huzuia matangazo na vifuatiliaji, yaani vijiprogramu vinavyokuandama mtandaoni, visipakuliwe kabisa, basi ukurasa unakuja mwepesi na MB zinabaki. Firefox ya Android ukiipachika kiongezi cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, hufanya kazi hiyohiyo, na mimi ndiyo ninayoitumia. Ila jua mpaka wake: mtandao wako wa simu bado unaweza kuona umetembelea tovuti gani, na tovuti nayo inaiona anwani yako ya intaneti.

Hali fiche ya kivinjari (incognito) haitoshi? Mwanafunzi, Chumbageni

Haitoshi. Inafuta historia kwenye simu yako tu.

Nikiwasha VPN kisha Tor, si ndiyo salama zaidi? Msomaji, Muheza

VPN nayo hupitisha mtandao wako kwenye kompyuta yake, basi umeongeza kituo cha nne, kwa hiyo tarajia mwendo kupungua tena. Watengenezaji wa Tor wenyewe hawamshauri mtu wa kawaida kuchanganya hivyo, maana VPN ikipangwa vibaya inaweza kukufichua.

Naweza kuingia akaunti ya benki kwa Tor? Msomaji, Makorora

Usifanye hivyo, kaka. Ukishaandika jina na nywila benki imeshakujua, umejificha nini? Isitoshe, benki itaona mteja wa Tanga anaingia kutoka nchi ya ng'ambo, pengine kila mara nchi tofauti, na inaweza kudhani ni mwizi. Tumia programu ya benki yenyewe. Akaunti ikizuiwa, utafunga safari hadi tawini na kitambulisho mkononi, upange foleni.